Kompyuta za Posta Zilizoishi kwa Saa za Marekani

Barua pepe iliondoka saa nne na dakika saba asubuhi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya jirani nikivuta waya wa intaneti, na nilimsikia mama mhasibu akimwambia bosi wake, "Tayari, imekwenda." Ilikuwa zabuni ya kutoa mizigo bandarini, makaratasi ya wiki mbili, na mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa nane mchana siku hiyo hiyo. Ofisi nzima ikashusha pumzi. Kesho yake ikapigwa simu: zabuni yenu tumeiona, lakini mmeituma saa tatu usiku, dirisha lilishafungwa.

Ofisi hiyo ni ya wakala wa forodha, ghorofa ya pili, mitaa ya Posta, Dar es Salaam, karibu na Sokoine Drive. Mimi si mwajiriwa wao. Huniita printa ikigoma au mtandao ukikata, nami nakwenda. Safari hii bosi aliniita kwa jambo zito zaidi. Alitaka nimwambie kama mhasibu wake anasema kweli.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, kompyuta hajaiwasha. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nimetuma asubuhi. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama."

"Basi waambie."

Neno langu peke yake lisingetosha kwa watu wa upande wa pili, ambao walikuwa wanatazama skrini yao na skrini inawaambia 21:07. Nikawaomba watutumie ile barua kama ilivyowafikia, pamoja na mistari ya juu ambayo kwa kawaida programu huificha. Kila barua pepe inayo. Ni kama mihuri ya posta kwenye bahasha: mtumaji anaandika saa yake, kisha kila seva inayoipokea njiani inagonga saa yake. Nikiondoa tarehe na majina ya seva, mistari miwili iliyobeba kesi yote ilikuwa hii:

Date: 10:07:31 -0800
Received: 10:07:33 +0300

Tazama vizuri. Tarakimu za saa ni zile zile, zimepishana sekunde mbili. Kilichotofautiana ni mkia. Seva iliyoipokea ilisema ni 10:07 mahali palipo mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC, kwa saa tatu. Huko ni kwetu. Kompyuta ya mama ilisema ni 10:07 mahali palipo nyuma ya UTC kwa saa nane, yaani pwani ya magharibi ya Marekani. Sasa 10:07 ya kule ni 18:07 ya UTC, na 18:07 ya UTC ni 21:07 ya Dar es Salaam. Programu ya watu wa zabuni iliamini mstari wa kwanza ikafanya hesabu yake vizuri kabisa. Saa tatu usiku na dakika saba.

Mama hakusema uongo. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa inasema uongo kwa watu wa nje, kila siku, huku ikimwonyesha yeye saa iliyo sawa. Niliandika maelezo ukurasa mmoja, bosi akayapeleka, na wakaipokea zabuni. Kazi hatimaye ilikwenda kwa wengine kwa sababu ya bei, lakini hiyo ni habari nyingine. Mimi nilibaki na swali la kompyuta.

Ilifikaje huko? Windows ikisakinishwa bila mtu kuchagua mahali, kwa kawaida huanza na saa za Pacific, ambazo ndizo saa za Redmond, makao ya Microsoft, jimbo la Washington. Kompyuta za ofisi ile zilinunuliwa Kariakoo, mtumba mzuri tu, na muuzaji aliyekuwa na mashine nyingi aliiandaa moja kisha akainakili kwa nyingine zote. Hakuna aliyegusa ukanda wa saa, yaani mpangilio unaoiambia kompyuta iko sehemu gani ya dunia. Mnunuzi anafika ofisini saa nne asubuhi, anawasha, anaona kwenye kona ya chini 23:00 tena ya jana yake. Anafanya nini? Anaangalia simu yake, ambayo inaletewa saa na mnara, kisha anazima ile swichi ya saa kujipanga yenyewe na kuandika kwa mkono 10:00. Kona sasa inasema sawa na simu. Kazi imekwisha, watu wanaendelea na maisha.

Hapa ndipo penye kosa, nami nimeliona katika ofisi nyingi za mji huu kiasi kwamba nimeamua kuliandika kwa kirefu.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kuwa watu wa mwisho duniani kukosea jambo hili. Tumelelewa ndani yake. Skrini inaandika 10:00, mdomo unasema saa nne, na hakuna anayesita. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Babu yangu alinifundisha kwa saa yake ya mkononi: tazama mshale mfupi umesimama wapi, kisha vuka katikati uende upande wa pili, ukisimama kwenye kumi, upande wa pili ni nne. Wakati ni mmoja, majina ni mawili, na kati yake kuna kanuni ambayo kila mmoja anaijua.

Kompyuta nayo inaishi hivyo hivyo. Ndani yake inahesabu wakati mmoja wa dunia nzima, ule wa UTC. Ukanda wa saa ni mkalimani anayekaa mlangoni: wakati unatoka ndani kama 07:00, yeye anautangaza kama 10:00 kwa sababu ameambiwa tuko Dar es Salaam. Mkalimani akiwa wa Marekani, wakati ule ule atautangaza kama saa tano usiku wa jana. Dawa ni kubadilisha mkalimani. Kusogeza tarakimu kwa mkono ni kama mgeni aliyeambiwa kikao ni saa nne, akaingia ukumbini, akaona saa ya ukutani inaonyesha kumi, na badala ya kuuliza akapanda kiti na kuzungusha mishale mpaka nne. Yeye ameridhika. Wengine wote wanaoitegemea saa ile wamepotezwa.

Nilipowaeleza hivyo, kijana wa nyaraka akakumbuka jambo. Machi iliyopita, Jumatatu moja asubuhi, kompyuta nyingi ofisini zilikutwa zimetangulia kwa saa nzima. Walidhani ni umeme. Fundi aliyeitwa akafungua mashine kadhaa na kubadilisha betri ndogo za kwenye bodi, zile za duara za CR2032, wakamlipa. Wiki chache baadaye kompyuta nyingine moja ikaruka peke yake. Novemba nyingi zikarudi nyuma saa moja.

Betri hazikuwa na hatia. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kompyuta za Posta, kwa kuwa ziliamini ziko kule, zilitii sheria ya kule. Iliyochelewa kuruka ilikuwa ya mtumba wa Uingereza, nayo ilifuata kalenda ya London, ambayo husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi. Katika mji huu ulio digrii chache tu kusini mwa ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima na hakuna anayegusa saa ya ukutani, mashine zilikuwa zinafuata majira ya kiangazi cha watu wengine.

Zilikuwa kompyuta 26. Ningeweza kupita moja moja nikibofya, lakini kubofya ndiko kulikotufikisha pale: mtu anachoka kwenye ya tisa, anachagua mstari wa juu au wa chini ya ule aliotaka, na hakuna ushahidi wa alichofanya. Nikaandika skripti fupi, yaani faili la amri zinazojiendesha kwa mfululizo, nikaiweka kwenye flashi:

@echo off
hostname >> "%~dp0rekodi.txt"
tzutil /g >> "%~dp0rekodi.txt"
echo. >> "%~dp0rekodi.txt"
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
net start w32time
w32tm /config /manualpeerlist:"africa.pool.ntp.org" /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync

Mistari mitatu baada ya ule wa kwanza haibadilishi kitu. Inaandika jina la mashine na ukanda iliokuwa nao, kwenye faili lililo kwenye flashi yenyewe. Mimi nasisitiza sana hapa: kabla hujarekebisha, andika ulichokikuta. Bila rekodi ile nisingejua nusu ya ninayoyasimulia. Mstari wa tano ndio kazi yenyewe, na jina lazima liandikwe hivyo hivyo, nukta baada ya E, nafasi zake, na alama za kufunga na kufungua. Ukiandika East kwa kirefu, Windows inakataa. Mitatu ya mwisho inaamsha huduma ya saa, inairudishia chanzo cha kuulizia, maana watu walishaizima, kisha inaiagiza iulize sasa hivi. Skripti iendeshwe kwa haki za msimamizi. Na kwenye Windows 10 na 11, kama ile swichi ya ukanda kujichagua wenyewe imewashwa, izime, isije ikaubadilisha tena.

Kuna kitu kimoja nakipenda katika mpangilio wa Windows. Tangu toleo la Vista, mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kubadilisha ukanda wa saa, ila kusogeza saa yenyewe kunahitaji msimamizi. Waliopanga hivyo walielewa vizuri. Msafiri akishuka Julius Nyerere akitokea Dubai anahitaji kubadilisha ukanda. Hana sababu ya kugusa wakati. Ofisi zetu zinafanya kinyume, kila mtu ana haki za msimamizi na kila mtu anasogeza saa.

Nilianza na kompyuta ya mama mhasibu, naye amesimama nyuma yangu. Mashine ya kwanza sikuipa skripti nzima. Niliandika amri moja moja ili nione kila hatua. Nikaandika ile ya ukanda, nikabonyeza. Kona ya chini ikaruka kutoka 10:52 kwenda 21:52.

"Umeiharibu!" Akanishika bega.

"Hapana, mama. Hii ndiyo saa iliyokuwa ikiwaambia watu wa zabuni. Leo na wewe umeiona."

Alikaa kimya akiitazama ile 21:52. Sidhani kama kuna maelezo yangu yoyote yaliyomfikia kama tarakimu zile. Nikaandika amri za mwisho, tukasubiri kidogo, na kona ikarudi 10:53, safari hii ikiwa kweli ndani na nje. Akavuta kiti, akajitumia barua pepe, akaniomba nimfungulie ile mistari ya juu. Mkia ukasoma +0300. Akausoma kwa sauti, kisha akamwita bosi auone.

Zilizobaki zilichukua muda wa kabla ya chakula cha mchana tu. Nikafungua rekodi. Kumi na saba zilikuwa Pacific. Nne tayari zilikuwa sawa. Moja London. Nne nyingine ndizo zilizonishughulisha: mbili zimewekwa Riyadh, moja Cairo, moja Moscow.

Ya Moscow ilikuwa ya yule kijana wa nyaraka, na aliieleza bila kujificha. Alijua tuko +3. Akafungua orodha ya Windows akatafuta Dar es Salaam, hakuiona. Akatafuta Tanzania, hakuiona. Akashuka mpaka kwenye kundi la +3 na kuchukua mji alioufahamu kwa jina. "Kaka, si +3 ni +3?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Ukanda wa saa ni jina la mahali, na jina hubeba maamuzi yote ya serikali ya mahali pale, ya zamani na yajayo. Moscow leo ni +3, lakini kati ya 2011 na Oktoba 2014 ilikuwa +4. Faili lako la mwaka 2013 likionyeshwa kwa saa za Moscow litaonekana limeandikwa saa moja baadaye kuliko ulivyoliandika. Cairo ni +2, ila Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023, kwa hiyo ukiichagua Julai utaona iko sawa na sisi, na mwisho wa Oktoba itakuacha. Hata hapa jirani, Juba ilikuwa pamoja nasi mpaka Februari 2021, Sudan Kusini iliporudisha saa nyuma na kuhamia +2. Mtu aliyechagua namba amechagua picha ya siku moja. Aliyechagua jina lake mwenyewe, siku serikali yake ikibadili jambo, masasisho yatamfuata alipo.

Kuhusu jina letu kutoonekana, na mimi linaniuma. Orodha ya Windows, kwenye mstari wetu, imeandika Nairobi peke yake, na ndio huo wenye jina la ndani la E. Africa Standard Time. Mji wa mamilioni ya watu unamlazimisha mkazi wake ajue kwamba yeye ni Nairobi ili aweke saa sawa. Asiyejua anakwenda Moscow. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, tuna heshima zaidi, unaandika jina lako kamili:

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Jina hilo linatoka kwenye hazina ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, ikasimamiwa kwa miaka mingi na Paul Eggert, na tangu 2011 ikawa chini ya IANA, taasisi inayotunza majina na namba za intaneti. Ndiyo inayotumika kwenye Linux, Android, simu za Apple na lugha nyingi za programu. Ukilifungua jina letu ndani yake utakuta siku hizi ni kiungo tu kinachoelekea Africa/Nairobi, kwa kuwa hazina huunganisha miji ambayo saa zake zimefanana tangu 1970. Walau mlangoni limeandikwa. Ukifuata kiungo hicho utakutana na historia: kabla ya kutulia kwenye +3, rekodi ya Nairobi ina vipindi vya saa mbili na nusu, na vya saa mbili na dakika 45. Na jua lenyewe halimtii hata mmoja wao. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya digrii 39 na kidogo, kila digrii ni dakika nne, ukizidisha unapata saa mbili na dakika 37. Ndiyo maana, kwa wastani, jua linafika utosini kwetu saa sita na dakika 23.

(Kwa wenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja: Windows huweka saa ya hapa kwenye bodi, Linux huweka UTC, na hapo hapo utaona tofauti ya saa tatu kila ukihama. Iambie moja ifuate ya mwenzake. Usisogeze kwa mkono.)

Nilikuwa nafunga begi wakati mzee tarishi wa ofisi, ambaye alikuwa ameshuhudia yote akiwa mlangoni, aliponiuliza, "Mwanangu, sasa hiyo mashine itaandika lini saa nne? Kumi ya nini?"

Sikuwa na jibu tayari, nikaanza kuhesabu hapo hapo. Kiswahili kiko saa sita pembeni ya skrini. Ukanda wenye tofauti ya saa sita na sisi, kwenye saa ya mduara wa kumi na mbili, ungeonyesha saa yetu kama tunavyoitamka. Ukienda nyuma unafika Brasília, −3. Ukienda mbele unafika Tokyo, +9. Nikatazama Tokyo vizuri zaidi. Dar ikiwa 10:00, Tokyo ni 4:00 jioni yao. Nne. Dar ikiwa 18:00, Tokyo ni usiku wa manane, 12:00, na tarehe yao inageuka papo hapo.

Kuifanya Tokyo kuwa ukanda wa kompyuta ya ofisi ya forodha ingekuwa hatari, kwa sababu kila hati iliyoandikwa jioni ingebeba tarehe ya kesho. Lakini Windows inaruhusu kuongeza saa mbili za pembeni bila kugusa ile kuu, na kuzipa jina unalotaka. Kwenye kompyuta ya mapokezi, ambako mzee hukaa akisubiri kutumwa, nikaweka tarakimu za mduara wa kumi na mbili, nikaongeza ya Tokyo na kuiita Kiswahili. Nikamwonyesha namna ya kuweka kishale juu ya saa na kusubiri kidogo.

Ilikuwa Alhamisi, na kwa kuwa printa nayo iliomba kuangaliwa, nilichelewa kutoka. Mzee aliniita kutoka mapokezi. Nje taa za meli zilikuwa zimeanza kuwaka. Kishale kilikuwa juu ya kona, na kisanduku kidogo kimefunguka: mstari wa juu Alhamisi, 6:00 PM, mstari wa Kiswahili, Ijumaa, 12:00 AM.

"Saa kumi na mbili," alisema, akigusa kioo kwa kidole. "Na usiku wa Ijumaa umeingia. Hii inajua."

Akachukua kofia yake kwenye msumari, akashuka ngazi kuwahi magharibi.